Wageni Wawili Zizini kwa Gicheru

Alhamisi, 2 Agosti 1973. Mweiga.

Nimepata njia! Si kama ile ya sungura (walitoroka), wala ile ya nyuki (kanisa limeshanisamehe). Hii ni njia ya kweli, yenye mshahara.

Leo alikuja Daktari Simeon Ndungu kutuhutubia ukumbini. Si daktari wa sindano. Ni daktari wa tabia za wanyama, mzaliwa wa Gakindu, amesoma mpaka ng'ambo. Amepiga kambi kando ya msitu. Anachunguza nyani: wanaamkaje, wanagombania nini, nani anamtoa nani chawa. Analipwa kwa hilo! Sasa anatafuta msaidizi mmoja. Msaidizi atapewa koti la khaki na darubini ya kuvaa shingoni.

Nilijiona papo hapo. Koti lilinikaa vizuri sana.

Masharti ni haya. Kila anayetaka kazi achague mifugo ya nyumbani, aiangalie kwa wiki moja, kisha Ijumaa ijayo saa nne asubuhi afike kambini kueleza alichoona. Swali alilotupa ni moja: kundi linampokeaje mgeni?

Akatufundisha namna ya kuangalia. Mfuate mnyama mmoja kwa muda, uandike kila afanyalo. Halafu tupia kundi zima jicho, uandike kila mmoja anafanya nini wakati huo huo. Kisha urudi kwa yule wa kwanza. Mnyama asijue unamtazama, au akuzoee mpaka akuone kama kisiki. Na jambo kubwa kuliko yote: usiandike kilicho moyoni mwake. Usiseme nyani amekasirika, sema ameonyesha meno. Moyo wake huujui. Andika ulichoona, maana yake uiache.

Maneno mazito. Nimeapa kuyafuata kwa kila kiumbe chenye uhai.

Sababu yangu ya kweli naiandika hapa tu. Ni Watiri, binti wa jirani yetu Mzee Gicheru. Yeye ndiye mpimaji wa maziwa pale deri. Miaka mitatu nampelekea maziwa ya Mama, miaka mitatu nasema hujambo, yeye anasema sijambo, naondoka na mkebe mtupu. Nampenda mpaka nasahau kifuniko. Lakini mtu asiye na kazi ataanzaje kwenda kwa Gicheru kuomba binti? Mwenye koti la khaki anaweza. Kwa hiyo mpango: kazi kwanza, Watiri baadaye.

Tatizo ni Kingori. Naye aliinua mkono. Kingori ana baiskeli, ana buti, na siku hizi hupeleka maziwa deri mara mbili, nusu mkebe kila mara, ili amwone Watiri mara mbili. Akipata kazi hii, nimekwisha.

Ijumaa, 3 Agosti.

Siku ya kwanza ya sayansi. Nilisimama kwa Mzee Gicheru, nje ya ua, nikatupia kundi jicho kama tulivyofundishwa. Mbuzi na kondoo wamechanganyika, hawatulii. Ili nisikosee, nikaanza kuwahesabu kwa sauti.

Kosa! Mzee Gicheru alitoka na fimbo. Kwetu mtu hahesabu mifugo ya mwenzake, ni kama kuiombea ife. Nilijua. Nilisahau, kwa sababu ya sayansi. Alipaaza sauti mpaka ng'ambo ya kijito: "Wewe Theuri, uko na nini na mbuzi yangu? Mimi najua zangu kwa macho, sitaki karani!" Nikamweleza kwamba hata mimi natumia macho. Hakupoa.

Watiri alikuwa kwenye tangi anachota maji. Ameonyesha meno. Mabega yalitikisika. Maana haijulikani.

Jumamosi, 4 Agosti.

Nimetafakari. Kosa la jana ni kwamba nilionekana. Dawa: kibanda cha kujificha. Nilikijenga alfajiri kwa mabua ya mahindi, kwenye mpaka wa shamba letu na lao, nikaacha tundu la jicho. Daktari alisema pia wanyama hunusa mgeni. Basi nikajipaka samadi ya mbuzi, mikono, shingo na kofia.

Kibanda kilikuwa kizuri sana. Ng'ombe wa Gicheru naye alikiona kizuri. Alianza na paa. Nilibaki kimya ili asijue nipo, akala ukuta wa mashariki, akala mlango, mwisho tukabaki tunatazamana. Baridi ya Agosti ikaingia mpaka mifupani. Sikuandika kitu, maana karatasi nayo aliila.

Mama aliita nipeleke maziwa. Nikakimbia deri bila kunawa. Foleni ilinipisha mpaka mbele! Nilifurahi kidogo. Watiri alitumbukiza kipimo chake, akaangalia, akasema maziwa ni mazuri ila mleta maziwa ndiye apimwe. Watu wote walionyesha meno. Kingori akanipa kitambaa chake cha mfukoni, kwa upole, mbele ya Watiri. Yule mtu ni mbaya sana.

Lakini safari ya kurudi nilipata wazo. Daktari aliuliza kundi linampokeaje mgeni. Mimi kuchungulia kundi lisilo na mgeni ni kupoteza wakati. Mgeni lazima apelekwe! Na kundi la karibu ni la Gicheru. Kingori hawezi kufikiria jambo kama hili.

Jumapili, 5 Agosti.

Baada ya ibada nilimwambia Mama nahitaji wanyama wawili. Akauliza wa nini. Nikasema nataka kuwapeleka kwa Mzee Gicheru.

Mama aliweka chini sufuria. Akauliza polepole: "Na hiyo maneno umefikiria vizuri?" Nikamjibu kwamba nimeifikiria sana, sijalala, na kwamba maisha yangu yote ya mbeleni yanategemea hao wanyama wawili. Macho yake yalitoa maji. Nadhani ni moshi.

Nilikuwa nimepanga kuchukua wale mabeberu wawili wazee, wasio na kazi. Mama alikataa katakata. Akaenda zizini mwenyewe, akachagua kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga, wote hawajazaa, hawana kilema hata cha sikio. Nikamwambia kwa sayansi yoyote atafaa. Akasema hataki nimletee aibu, twende na hawa. Pia akasema lazima Baba Mdogo Wamae, ndugu ya marehemu baba, anisindikize. Nikauliza, kuvuta kondoo mmoja kunataka watu wawili? Akasema ndiyo, huyo kondoo ni mzito.

Mama akaimba mpaka jioni. Sijamsikia akiimba tangu nyuki.

Jumatatu, 6 Agosti.

Baba Mdogo Wamae alifika amevaa koti la kanisani, kofia, na fimbo yake nzuri. Kuvuta kondoo! Nilimwonea huruma, uzee umeanza. Njia nzima hakugusa kamba. Nilivuta wote mimi.

Nilikuwa na hofu ya ile fimbo ya Mzee Gicheru. Lakini alipotuona, na wanyama nyuma yetu, alisimama. Akawatazama wanyama. Akamtazama Baba Mdogo. Akanitazama mimi. Akamwita mkewe, naye akatoka amebadilisha kitambaa cha kichwa. Nikaona heri niseme wazi shida yangu kabla hawajanifukuza. Nikasema: hawa wawili nimewaleta wakae hapa, nataka kuona watakavyopokelewa, na kama hamtajali nitakuwa nakuja kila siku kuangalia.

Baba Mdogo alikohoa, akasema vijana wa siku hizi huongea wenyewe, mtusamehe. Mzee Gicheru akacheka, akasema kumbe siku ile nje ya ua Theuri hakuwa anaangalia mbuzi! Nikamhakikishia kwamba nilikuwa naangalia mbuzi. Akacheka zaidi.

Kisha jambo la ajabu kisayansi. Wakamwita Watiri, ambaye kundi si lake, wakamuuliza mbele ya watu: hawa wanyama wa kwa kina Theuri, wakae au warudi? Watiri aliwatazama kidogo. Akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Akapangusa mikono kwenye aproni. Akasema, "Wakae." Mama yake akapiga vigelegele.

Nimeandika: kiongozi wa kundi hili ni jike, na hukubali mgeni kwa neno moja.

Jumatano, 8 Agosti.

Uangalizi unakwenda vizuri kupita kiasi. Jana na leo nimepewa kiti, kile chenye mgongo. Chai ya maziwa, nduma, na leo mguu wa kuku. Kwa kweli familia hii inaheshimu elimu.

Mambo ya zizini: siku ya kwanza kondoo wa zamani waliwapiga wageni vichwa. Wageni walikaa pembeni, wakila kilichobaki. Jana mbuzi wetu alimnusa jike mkubwa mwenye baka jeusi, akapigwa tena, hakukimbia. Leo mchana nilimfuata yeye peke yake kama Daktari alivyofundisha. Alilala ubavuni mwa yule jike mwenye baka. Wamegusana. Wakatafuna pamoja. Niliona raha moyoni, lakini hiyo sikuiandika kwa upande wao, nimeiandika kwa upande wangu.

Mambo ya nje ya zizi, niliyoyaona bila kutafuta: wamekuja mashangazi wa Watiri kutoka mbali. Wanapita mbele ya kiti changu, wanasimama, wananitazama juu mpaka chini, wanarudi jikoni. Mmoja alishika mkono wangu akaupima kwa vidole. Mwingine aliuliza kama natafuna miraa. Niliwatupia jicho wote kwa pamoja: watano wananong'ona, mmoja anacheka, mmoja ananiangalia viatu.

Watiri alileta chai mwenyewe, akaketi kwenye gogo karibu. Akauliza, "Ati leo umeona nini?" Nikamweleza juu ya mbuzi na lile jike lenye baka. Akasikiliza kweli. Akasema yeye pia huwaangalia, na kwamba mbuzi wetu hupenda kusimama palipo na jua kwanza, kondoo wetu humfuata. Sikuwa nimeliona hilo! Tukawatazama pamoja. Ukungu ulikuwa umepanda, mlima ukaonekana mweupe kileleni. Alinikaribia kidogo, kwa baridi. Akauliza kama siku zote hizi pale deri nilikuwa namwangalia na yeye hivyo hivyo. Nikajibu kwamba naam, kwa muda mrefu sana. Akainama, akachora mchanga kwa kijiti.

Nilitaka kumwambia: subiri kidogo tu, nikipata koti la khaki nitakuja kwa baba yako. Nilijizuia. Kazi kwanza.

Njiani nilikutana na Kingori akisukuma baiskeli. Alinipa mkono. Alisema hongera, na kwamba mtu bora ameshinda, na kwamba yeye sasa atapeleka maziwa mara moja kwa siku. Macho mekundu. Huu ni mtego. Anataka nilegee kabla ya Ijumaa.

Alhamisi, 9 Agosti.

Nitaandika polepole.

Uangalizi ulikuwa umekwisha. Nilikuwa na jibu zuri: kundi humpiga mgeni, humzoea, halafu humfanya wake. Nikafikiri, Daktari atapenda kuwaona wageni wenyewe kwa macho. Basi saa nane mchana nilikwenda kwa Gicheru na kamba zangu mbili.

Mashangazi walikuwa wanamenya viazi. Mzee Gicheru alikuwa anazungumza na rika lake. Nikaingia zizini, nikamfunga kondoo, nikamfunga mbuzi (alilia, yule jike mwenye baka akalia pia), nikawatoa nje. Mzee Gicheru akauliza nawapeleka wapi. Nikavua kofia, nikasema kwa adabu: asanteni sana kwa wema wenu, nimeona nilichotaka kuona, sasa sihitaji tena, nawarudisha kwetu.

Kisu cha viazi kilianguka.

Watiri alitoka jikoni. Aliona kamba mkononi mwangu. Aligeuka, akaingia ndani, akafunga mlango, lakini kabla hajaufunga niliuona uso wake. Machozi. Hakukuwa na moshi popote. Mzee Gicheru alinyanyua fimbo, akaishusha, akaketi kama mtu aliyechoka. Hilo liliniogopesha kuliko fimbo.

Nilipofika nyumbani Mama aliona wanyama, akapiga yowe. Nikamwambia usijali, kazi imekwisha. Akaniuliza kama Watiri amekataa. Nikauliza, amekataa nini?

Mama aliketi chini, palepale udongoni. Akaniambia kama mtu anavyomwambia mtoto. Kondoo jike ambaye hajazaa na mbuzi jike ambaye hajazaa: mwati na harika. Wanyama wa kwanza. Ndio wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana kusema, tumemtaka binti yenu. Wakipokelewa, amekubali. Wakirudishwa, amekataa. Na mtu akienda kuwachukua mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashangazi... Mama hakumaliza.

Najua mwati na harika! Mimi si mtoto! Nilihudhuria posa ya rafiki yangu Ngatia, nilikula, nilicheza. Nilimwona Watiri akiulizwa, niliona vigelegele, niliona mashangazi, niliona koti la Baba Mdogo. Niliona kila kitu. Nilikiandika kila kitu.

Alikuwa amesema ndiyo. Siku nne nilikuwa mchumba wa Watiri na sikujua. Siku bora za maisha yangu, nami nilikuwa natazama mbuzi.

Ijumaa, 10 Agosti.

Leo saa nne Daktari alikuwa ananingoja kambini. Leo saa nne pia ndipo Watiri hufunga deri na kwenda zake, na watu walisema shangazi mmoja anataka kumchukua kwake Karatina akapumzike mwezi mzima mbali na macho ya watu.

Nilitoka nyumbani na kamba mbili, kondoo na mbuzi. Njia inagawanyika pale kwenye mti wa mugumo: kulia kambini, kushoto deri. Niliuona moshi wa kambi. Nilimwona Kingori kwa mbali, ananyonga baiskeli kulia, buti zimeng'arishwa. Koti la khaki lilinipitia machoni na vifungo vyake vyote.

Nilikwenda kushoto. Nataka iandikwe kwamba sikusimama hata kidogo. (Mbuzi alisimama, kula ua la watu. Si mimi.)

Foleni ya deri ilikuwa ndefu. Safari hii haikunipisha, ilinitazama tu. Watiri alikuwa anapima, hakuinua kichwa. Nikapita mbele na wanyama wangu, kondoo akapiga teke mkebe wa mtu. Watiri akasema, bila kunitazama, kwamba leo hapokei maziwa ya kwetu, yana maji. Nikasema sikuleta maziwa. Akasema basi nimpishe mwenye maziwa.

Nikasema hapo hapo, mbele ya mikebe na watu. Kwamba mimi ni mjinga. Kwamba nilipeleka wanyama kwa ajili ya kazi ya nyani, na sikujua nimepeleka nini, lakini kama ningejua ningewapeleka miaka mitatu iliyopita, mbio. Kwamba nilitaka kazi ili nimpate yeye, na sasa kazi naiacha na yeye nimempoteza, na hasara hiyo ya pili ndiyo siiwezi. Kwamba nampenda. Nikalisema mara mbili, kwa sababu kikongwe mmoja nyuma hakusikia.

Watiri alinitazama. Sikujaribu kuandika kitu. Akauliza: "Kwa hivyo hata ile siku ya chai, na mlima, ulikuwa unaangalia mbuzi tu?" Nikasema hapana. Siku ile niliangalia mbuzi vibaya sana. Nina karatasi nzima ambayo haina mbuzi hata mmoja.

Hapo alicheka, na machozi bado yapo. Foleni yote ikaanza kusema arudishe, arudishe. Watiri akakaza uso. Akasema wanyama nitawarudisha mwenyewe leo, nikiwavuta katikati ya soko ili kila aliyenicheka anione. Na kwa aibu ya baba yake, wazee watadai faini.

Niliwavuta katikati ya soko. Mzee Gicheru alitufungulia zizi. Mbuzi alikimbia moja kwa moja kwa jike mwenye baka, wakalala. Mzee akawatazama muda, kisha akaniambia niingie ndani, chai itapoa.

Jumapili, 12 Agosti.

Wazee walikaa baada ya ibada. Faini: kondoo dume mmoja aliyenona, alale kwa Gicheru kabla ya Jumatano jioni. Hapo neno litakuwa limekwisha na mazungumzo ya mahari yataanza. Kondoo dume huchinjwa, huliwa na wazee wa pande zote mbili, hasira huisha. Baba Mdogo Wamae alisema tumepata msamaha wa bei rahisi, tusiuchezee. Mama ana dume mmoja mnono sana na amemtoa kwa moyo mweupe.

Kazi alipata Kingori. Alikuwa peke yake kambini. Nilimpa mkono. Kumbe ni mtu mzuri, nimemwonea. Koti limemkaa vibaya kidogo mabegani.

Daktari Simeon mwenyewe alinisimamisha nje ya kanisa, habari zimemfikia. Alisema katika kazi yake yote hajakutana na mwangalizi aliyeona mengi kiasi kile na kuelewa machache kiasi kile. Nilimshukuru sana. Si kila siku msomi anakusifu mbele ya watu.

Watiri alinisindikiza mpaka kijitoni. Akanishika mkono. Akasema hataki mambo mengi, anataka neno moja tu: kuanzia leo, kabla sijafanya jambo lolote kubwa, nimuulize yeye kwanza. Nikaapa. Nilikuwa na furaha nikaapa mara mbili. Akasema pia nisiende kwa baba yake na kitu kingine isipokuwa kondoo dume. Nikasema bila shaka.

Jumanne, 14 Agosti.

Nimerudi sasa hivi kutoka Nanyuki. Nimepata njia!

Jana nilikuwa namtazama yule kondoo dume, na nikawaza kisayansi. Kondoo huchinjwa, huliwa siku moja, kesho yake Mzee Gicheru ana nini? Mifupa. Je, hiyo ni faini ya mtu anayempenda Watiri kama mimi? Wakati kila asubuhi Mzee Gicheru anabeba mikebe ya maziwa mgongoni mpaka deri, na mgongo wenyewe ni mbovu, kijiji kizima kinajua! Nilifikiri mpaka kichwa kikauma, jibu likaja lenyewe.

Punda.

Nilimpeleka dume Nanyuki kwa Gure, mfanyabiashara wa mifugo, tukabadilishana, dume pamoja na redio yangu kwa punda mmoja wa kijivu mwenye masikio ya kupendeza. Gure ni mtu wa maswali mengi. Aliuliza punda ni wa kubeba nini. Nikamweleza yote, posa, faini, wazee. Akaacha kushika kamba. "Hii? Kwa wazee wa bibi? Punda?" Akaomba Mungu msamaha. Akasema kwao ukipeleka punda kwa mkwe utarudi umempanda, na kwamba kwa watu wetu anavyojua ni hivyo hivyo, na kwamba ni bora nirudi na kondoo wangu, yeye hana neno. Nikatabasamu. Wafanyabiashara wote huongea hivyo wakiona wamekupa kitu kizuri kwa bei ndogo.

Nimemficha nyuma ya ghala. Ana sauti kubwa, nimemwambia Mama ni gari limeharibika barabarani. Nimemchana manyoya, nimemfunga utepe mwekundu shingoni. Watiri sijamuuliza, kwa sababu kitu ukishakiuliza si zawadi tena, na najua atafurahi kuliko wote.

Kesho Jumatano, siku nzima, nitakuwa uwanjani kwa Gicheru, mbele ya wazee wa pande mbili na mashangazi wote. Tangu nchi hii iumbwe, hakuna aliyewahi kumpelekea baba mkwe punda. Nashangaa hawakulifikiria. Nitakuwa wa kwanza.